Bakuli la Sikitu

Hapo zamani, si zamani ya majini bali ya juzijuzi tu, katika mji mdogo chini ya milima, alikuwepo mjane kijana aitwaye Mwajabu. Alikuwa na binti mmoja, Sikitu, wa miaka kumi na minne, na Sikitu alikuwa mnene. Haukuwa unene wa kusifiwa. Akipanda kilima cha shule alihema, magoti yakamuuma, na wenzake wakamwita Gunia.

Mwajabu akampeleka hospitali kwa daktari wa lishe, Daktari Semkiwa.

"Mama," alisema daktari, "kila mwili una moto wake. Hata ukilala bila kufanya kazi, moto unawaka: moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa. Tukiujua moto wa mtoto huyu, tutajua ale kiasi gani apungue bila kudhurika."

"Utaujuaje, daktari?"

"Ipo mashine ya kupima pumzi, lakini iko mbali na foleni yake ni ndefu. Nitakisia kwa kanuni. Kanuni yenyewe imetokana na watu wazima, tena wembamba. Kwa hiyo mrudishe kila wiki nimwangalie."

Akapiga hesabu, akasema: wali pawa mbili mchana, pawa mbili jioni.

Mwajabu akarudi nyumbani na hofu moyoni. Je, kama amekisia nyingi? Basi kila alipopakua, alisawazisha upawa kwa kidole, kilele kikarudi chunguni. Hakumwambia mtu.

Nyumbani alikuwepo pia mama mkwe wake, Bibi Mboni, ambaye alitaniana na mjukuu wake kutwa nzima.

"Wewe mke mwenzangu, ukikonda hivyo, mume wetu, babu yako, akiamka kaburini hatakutambua!"

Na Mwajabu akienda sokoni, bibi alifunua kawa, akamlisha mjukuu mihogo ya nazi. "Usimwambie mama yako. Hii ni siri ya wake wenza."

Sikitu akala. Sikitu akanyamaza.

Wiki ikapita, daktari akampima. Hajapungua. "Basi moto wake ni mdogo kuliko nilivyokisia," alisema. "Punguza upawa mmoja." Mwajabu akapunguza, akasawazisha kwa kidole. Bibi akaongeza mihogo. Wiki ikapita. Hajapungua. Daktari akapunguza tena. Mwajabu akasawazisha. Bibi akaongeza.

"Unaiba chakula, Sikitu?"

"Siibi, mama." Na kweli hakuiba. Alipewa.

Kisha ikaja habari ya msiba. Ndugu yake Bibi Mboni amefariki, mbali huko. Bibi akajifunga kanga, akaenda kukaa matanga, na akabaki huko kusubiri arobaini. Mihogo ikakoma. Ukabaki upawa mmoja mchana na mmoja jioni, zote zimesawazishwa.

Sasa Sikitu akaanza kupungua. Mwajabu aliona shingo ya binti yake ikichomoza, akafurahi, Mungu amsamehe. Aliona nywele zikikatika, akasema ni joto. Akamshika mikono, akaiona baridi jua likiwa kichwani, akasema ni uchovu. Kwa kuwa mtoto anapungua, hakuona haja ya kumrudisha hospitali. Daktari naye hakutuma mtu kuuliza.

Siku moja Sikitu aliinama kuchochea jiko. Hakuinuka. Alianguka juu ya makaa.

Wodini, Sikitu akiwa amelala, mikono yote miwili imefungwa bandeji, walikusanyika Mwajabu, daktari, na Bibi Mboni aliyeitwa kutoka matangani. Bibi alikuwa ameshakiri habari ya mihogo. Muuguzi akaja na bakuli la uji.

"Mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla hufa," alisema. "Atakula kidogo kidogo, kwa mkono wa mtu mmoja tu. Wakimlisha wawili, hatutajua tena amekula nini. Nani?"

Daktari akanyoosha mkono. "Mimi. Nilikisia, lakini nilisema wazi kwamba nakisia. Mlichonificha ndicho kilichonipotosha."

"Nyoo!" alisema bibi. "Hakupungua, ukaulaumu mwili wake. Hukuuliza kuna nani nyumbani! Nipeni mimi. Nilipokuwepo mimi, alianguka?"

"Mama, mihogo yako ndiyo iliyoshusha pawa," alisema Mwajabu, machozi yakimtoka. "Mimi ndiye niliyemzaa. Nilifuata kila nilichoambiwa." Na kidole chake akakificha ndani ya kanga.

Kitandani sauti ikatoka, nyembamba kama uzi.

"Mama, nilikuona ukisawazisha. Bibi nilimwona. Daktari nilimsikia akikosea. Nilinyamaza ili msigombane." Akajaribu kuinua mikono. "Nipeni nile mwenyewe."

Mikono haikuinuka.

Muuguzi alisimama na bakuli, na juu ya uji utando ukaanza kutanda.

Haya, wenzangu mlioketi hapa, uji unapoa na mtoto ana njaa. Je, bakuli apewe nani?