Nguchiro na Wakala wa Chini ya Maji

Paukwa!

Pakawa!

Aa, pakawa gani hiyo, kama ya watu wanaotafuna? Mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na michezo yao ya kuigiza, paliondokea Nguchiro mmoja, msichana, mdogo, mwembamba. Alikuwa na kipaji kimoja tu, lakini kipaji hasa. Alijua kufa.

Msicheke. Kufa kwa kuigiza ni kazi. Wengi wakifa mbele ya watu hujikuna. Nguchiro akisema nakufa, anakufa. Puu! Chini. Miguu juu, ulimi nje, tumbo halipandi, halishuki. Nzi wanakuja, zzz, wanatua puani mwake, naye kimya. Siku ya kwanza alipojifia nyumbani, shangazi yake Kanu, aliyemlea, alilia mpaka majirani wakaja na kuni za matanga.

Nguchiro alitaka kitu kimoja duniani: kuingia kundi la Mzee Korongo. Korongo ndiye aliyekuwa mwenye michezo. Kila mwaka baada ya mavuno alikuja na kundi lake, akachagua wachezaji, akaondoka nao nchi kwa nchi. Ukimkosa, basi. Utakaa mwaka mzima unawafia nzi wa nyumbani.

Sasa nchi ile ilikuwa na mila. Siku ya kuchaguliwa, wasanii wote hukaa nyuma ya kichuguu, kimya. Msanii hajitaji. Kujitaja ni aibu kubwa, mama yako hatapita sokoni. Sharti mwingine asimame mbele ya Korongo ataje jina lako, ndipo utoke uonyeshe. Kutaja kukawa kazi ya watu. Watu hao wakaitwa mawakala.

Na wakala mkubwa kuliko wote alikuwa nani? Kiboko! Kwa nini alikuwa mkubwa? Kwa sababu alikuwa mkubwa. Wanyama walilitazama tumbo lile wakasema, huyu hawezi kukosa kujuana na wakubwa.

Nguchiro akaenda mtoni. Kiboko akafungua jicho moja. "Nyota yangu!" akasema. "Umefika. Niachie mimi." Akazama. Bwu, bwu, bwu.

Nguchiro akarudi nyumbani anarukaruka. "Shangazi, nina wakala! Kiboko mwenyewe!" Kijiji kizima kikajua. Shangazi Kanu akaenda kisimani bila ndoo, ili tu aulizwe habari.

Siku zikaenda. Nguchiro akarudi mtoni na mzigo wa majani mabichi, maana kwa wakala hakuendwi mikono mitupu. Juu ya mgongo wa Kiboko alikaa Yangeyange, karani wake, ndege mweupe, shingo juu.

"Hodi. Bwana Kiboko yupo?"

"Yupo, ila hayupo," akasema Yangeyange. "Yuko kikaoni."

"Kikao kiko wapi?"

"Chini. Anazungumza na wakubwa. Huyaoni mapovu?"

Kweli, mapovu. Bwu, bwu, bwu. Nguchiro akayatazama kwa heshima. Akafikiri, pengine lile kubwa ndilo jina langu linatajwa.

Akaja tena. "Bwana anasema uache nyayo zako kwenye tope," akasema Yangeyange, "awaonyeshe wakubwa sura yako." Nguchiro akashinda ukingoni anakanyaga tope. Akakanyaga kwa mbele, akakanyaga kwa ubavu, akapata nyayo nzuri za kupendeza. Usiku Kiboko akatoka kula, akarudi, akazilalia. Asubuhi Yangeyange akasema, "Bwana ameziona. Anasema sura si mbaya, ila ingekuwa pana kidogo."

Nguchiro akaenda kula ili awe mpana.

Ikaja siku ya kuchaguliwa. Nguchiro akakaa nyuma ya kichuguu. Huko mbele Kunguru, wakala mwenye manyoya yaliyochakaa, alikuwa anapayuka tangu asubuhi. "Kuna Ngiri! Mwangalieni Ngiri! Kuna Chura!" Wakatoka, wakaonyesha. Jua likapanda. Jua likashuka. Jina la Nguchiro halikutajwa. Kundi likaondoka, vumbi likatulia, naye bado amekaa, amejipaka mafuta.

"Bwana anasema ule haukuwa mwaka wako," akasema Yangeyange. "Subira huvuta heri."

Mwaka ukazunguka. Korongo akatuma habari mbele: mchezo wa safari hii ni wa malkia anayekufa mwanzoni kabisa. Anafia kwenye kiti, anaanguka chini, halafu analala pale pale mbele ya watu mpaka mwisho, warithi wakigombana juu yake. Anatafutwa wa kufa.

Nguchiro alipoisikia habari ile, alilia kwa furaha. Kisha akalia kwa hofu. Nani angemtaja?

Shangazi Kanu akamwambia, "Mwanangu, mambo ya wasanii mimi siyajui. Najua ya washenga. Mshenga aliyetumwa kwetu, alirudi kwao na jibu. Zuri au baya, alirudi nalo. Nenda kamuulize Kiboko: umenitaja kwa nani, naye alisema nini?"

Nguchiro akaenda, akauliza. Bwu, bwu, bwu.

Yangeyange akakunja shingo. "Swali gani hilo? Halina adabu. Na ukimwacha Bwana, nchi nzima itajua umeachwa. Nani atakugusa?"

Nguchiro akaogopa. Kweli aliogopa, akakaa ukingoni. Pembeni yake alikaa Mzee Kobe. Kobe alikuwa chini ya uwakala wa Kiboko tangu gamba lake lilipokuwa laini.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, binti. Na wewe ni wetu?"

"Ni wenu. Mzee, umecheza michezo mingi?"

"Kucheza?" Kobe akashangaa. "Mimi ni msanii wa Kiboko."

"Naam, lakini umecheza mchezo gani?"

"Binti, husikii? Wa Kiboko! Hapa nilipokaa panatamaniwa na wengi."

Nguchiro akamtazama. Akaiona ile sehemu aliyokaa, imebonyea kwa kukaliwa. Kisha akajitazama alipokaa yeye. Napo palishaanza kubonyea.

Akasimama. Akayaambia maji, "Bwana Kiboko, asante kwa yote. Mimi natoka."

Buaaa! Maji yakapasuka. Kiboko mzima mzima akaibuka, masikio yanatikisika. Tangu lini alikuwa hajaibuka? "Unaniacha? Leo? Kesho ndiyo nilitaka nikutaje!"

"Kwa nani, bwana?"

Kiboko akatazama huku. Akatazama kule. Akazama.

Nguchiro akaenda zake analia njia nzima. Kumwacha asiyekufaa kunauma vilevile, msidanganywe.

"Sasa sina wakala," akamwambia shangazi. "Na mila inasema nisijitaje."

Shangazi Kanu akajikuna. "Mila inasema wakala akutaje, au inasema mwingine akutaje?"

"Mwingine."

"Haya. Mimi si mwingine?"

Siku ikafika. Kunguru akapayuka, Ngiri akatoka, akafa vizuri, kisha akajikuna. Chura akafa, lakini kroo, kroo, hakuacha kusema. Korongo akatikisa kichwa. Hapo Shangazi Kanu akasimama. "Kuna... kuna Nguchiro."

Mawakala wakacheka. "Bibi, wewe ni kampuni gani?"

Korongo akasema, "Ametajwa. Atoke."

Nguchiro akatoka. Akakaa kwenye kiti cha malkia. Akalishika taji, akavuta pumzi, puu! Chini. Miguu juu, ulimi nje. Zzz, nzi. Kimya. Watu wakangoja. Kimya. Tumbusi wawili wakashuka kutoka angani, wakasogea, wakatazamana. Mmoja akafunga macho ili aombe dua ya chakula. Shangazi Kanu, anayejua yote, akapiga ukunga, "Mwanangu weee!" Na uwanja mzima ukalia.

Nguchiro akafungua jicho.

"Nimepata malkia," akasema Korongo.

Vigelegele! Ngoma! Ikaandaliwa karamu, maana kwa desturi msanii aliyechaguliwa huketi na wakala wake upande wa kulia wa Korongo, wakala akalishwa wa kwanza. Shangazi Kanu hajakaa vizuri, ardhi ikatikisika. Gu, gu, gu. Ni Kiboko, mchana kweupe, maji yanamchuruzika, Yangeyange mgongoni.

"Huyo ni wangu!" akanguruma. "Nimemlea mimi! Toka hapo, bibi, nikae."

Shangazi akainuka nusu. Nguchiro akamshika mkono, akamketisha.

Korongo akasema kwa upole, "Kama ni wako, karibu. Wakala humtaja msanii wake. Mtaje tule."

Kiboko akafungua kinywa. Kinywa kile mnakijua. Kikakaa wazi.

"Huyu," akasema, "huyu ni... huyu binti... Kindi!"

Kimya.

Yangeyange akamwinamia sikioni, akanong'ona, lakini kwa kimya kile wote walisikia: "Bwana, nadhani ni Kicheche."

"Kicheche!" akanguruma Kiboko.

Nguchiro hakucheka. Wengine walicheka, yeye hakucheka. Alikumbuka mizigo yote ya majani, na mapovu yote aliyoyaheshimu. Akasema taratibu, "Mzee Korongo, aliyenitaja amekwisha kukaa. Mlishe."

Shangazi akalishwa wa kwanza, akala mpaka akalegeza mshipi.

Mnadhani ukingo wa mto ulibaki mtupu? Thubutu! Kesho yake kulikuwa na foleni mpaka njia panda, kila mtu na mzigo wake wa majani. Habari ilishaenea: Kiboko ndiye aliyekuwa wakala wa Nguchiro.

Basi sikieni, wakubwa na wadogo. Wakala ni mdomo. Kama mdomo hautaji jina lako, upana wake haukusaidii. Muulize amekutaja kwa nani, na asipokuwa na jibu, inuka kabla mahali pako hapajabonyea. Afadhali mnyonge anayekujua kuliko mkubwa anayekufuga.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mimi nimemaliza kusema, ninyi anzeni kufikiri.