Ruta ya Pembe Nane

Pembe hazikamuliwi.

Tuliusikia msemo huu tukimenya ndizi uani kwa Ta Projestus, siku moja kabla ya ubatizo wa mjukuu wake. Anitha alikuwa akitusimulia habari za kijana mmoja wa Kayanga anayemfuatafuata, na kila alipofika kwenye sifa zake alirudia zile zile: viatu vyake, saa yake, miwani yake. Ta Projestus akapita na fimbo akielekea zizini. Akasimama kidogo, akasema, "Binti yangu, pembe hazikamuliwi," akaenda zake huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mzee ananisema mimi au anasema ng'ombe?" Anitha aliuliza.

Tukamgeukia Bi Adventina, dada yake Ta Projestus, ambaye rundo lake la ndizi zilizomenywa lilikuwa kubwa kuliko yetu sote. Tulidhani atatuambia kwamba ni maneno ya mababu. Yeye akafuta utomvu mikononi kwa jani kavu la mgomba.

"Mababu hawakuyasema," alisema. "Methali si lazima iwe na mvi. Hii ni ndogo kuliko nyinyi. Ilizaliwa humu ndani, sebuleni, nami nilikuwepo. Endeleeni kumenya, niwaambie ilivyozaliwa."

Akatusimulia hivi.

Kaka yangu alikulia zizini. Nanyi mnajua sisi watu wa Karagwe tulivyo na ng'ombe wetu wa pembe ndefu. Tunawasifu kwa pembe kama bibi harusi anavyosifiwa kwa mwendo. Yeye alikuwa na Bihogo, jike mwekundu ambaye pembe zake zilipanda juu kama mikono ya mtu anayeshukuru. Mgeni akifika hapa, alipelekwa kumwona Bihogo kabla hajapewa kiti. Maziwa yake yalikuwa kikombe tu, tena siku akipenda.

Nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, alikuwepo ng'ombe mwingine, wa kisasa, mweusi mwenye mabaka meupe, aliyeondolewa pembe tangu ndama. Wifi yangu Ma Leokadia alimpata kupitia kikundi chao cha akina mama. Huyo hakuwa hata na jina. Kaka alimwita "ile ya nyuma". Chai yote ya nyumba hii ilitoka kwake, na kaka aliinywa vizuri tu, lakini hakuna mgeni aliyepelekwa kumtazama.

Wakati huo Kemilembe, binti yao, alikuwa Uturuki akisomea uuguzi. Mwalimu Kagaruki wa Nyaishozi alikuwa ameomba kumwoa, na walikuwa wamekubaliana kungoja amalize masomo. Lakini baba yake Kagaruki akaugua. Akatuma ujumbe: anaomba posa ipokelewe wakati macho yake bado yanaona.

Kwetu baba hanywi lubisi ya posa, pombe yetu ya ndizi, hivi hivi. Humwita binti mbele ya wazee wa pande zote mbili, akamuuliza, "Hawa watu unawafahamu? Ninywe?" Binti hujibu kwa kinywa chake mwenyewe. Asipojibu, vibuyu hurudi vilikotoka. Sasa binti yupo Uturuki. Wazee wa Nyaishozi wakajadiliana mpaka wakakubali ajibu kwa video, ila kwa sharti moja: wamwone uso na wamsikie sauti kwa pamoja. Sauti bila uso, walisema, yaweza kuwa ya mtu yeyote.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Intaneti ya nyumba hii ilikuwa ya ruta ndogo ya kuweka laini ya simu ndani. Mawingu yakitanda, picha inaganda. Mara ngapi tulimwona Kemilembe amekwama mdomo wazi kama mtu anayetaka kupiga chafya! Bahati nzuri, nguzo za faiba zilikuwa zimefika barabarani kwetu, na kaka akajiandikisha haraka. Kampuni ikamwambia, "Ruta tunayo sisi, au mzee ulete yako, mradi iwe inayofaa faiba." Kaka alisikia "ulete yako". Yaliyofuata hayakumwingia.

Akapanda basi hadi Bukoba. Dukani, muuzaji alimuuliza intaneti yake inaingiaje nyumbani, ili ampe inayofaa. Kaka akamjibu, "Itaingia kwa mlango, kama wageni wengine. Nipe ile." Alikuwa ameiona ruta nyeusi juu ya rafu, pana kama sinia, yenye antena nane zilizosimama. Aliigeuza kama anavyogeuza ng'ombe mnadani, akaitazama mgongo, akazishika zile pembe moja moja, akaridhika.

Aliporudi aliiweka juu ya kabati, kwenye kitambaa cha kufuma, imetazama mlangoni. Majirani walikuja kuiona. Ta Laurian wa ng'ambo ya barabara alisema, "Projestus, hii itaita hadi Bukoba." Kaka alivimba kwa furaha, maskini.

Mvua zikamchelewesha fundi. Mwishowe alifika asubuhi ya siku ile ile ambayo wageni walitarajiwa alasiri. Jina lake Switbert, kijana mcheshi wa Kyerwa. Akaingiza waya wa faiba, mwembamba kama ukindu, akaufunga kwenye kisanduku cheupe ukutani, na taa ya kijani ikawaka. Sote tukapiga makofi. Kisha akachukua waya mwingine, mnene, wa kutoka kwenye kisanduku kwenda kwenye ruta. Akaigeuza ruta ya kaka. Akaigeuza tena.

"Ta, hii ni ya intaneti ya waya wa simu ya mezani. Tundu lake la kuingizia ni hili dogo. Waya wangu hauna pa kuingia."

"Sukuma."

"Nikisukuma nitaivunja."

"Mbona hapo pana matundu mengine makubwa?"

"Hayo ni ya kutolea, Ta. Intaneti inatoka hapo kwenda kwenye kompyuta au televisheni. Kuiingizia huko ni sawa na kumnywesha ng'ombe kwa chuchu."

Mimi nilicheka. Kaka akanitazama. "Adventina, nenda kaangalie ndizi."

Sikwenda.

Switbert akatoa mfukoni mwake ruta ya kampuni. Nyeupe, ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, haina antena hata moja.

"Hii?" kaka alisema. "Wakwe watoke Nyaishozi na vibuyu vyao, waje wakute nimewawekea kipara?"

"Antena zake ziko ndani."

"Pembe ya ndani ni pembe gani hiyo, waitu? Ondoa. Washa ile ya zamani."

Switbert hakubishana. Tukaiwasha ile ya laini, tukampigia Kemilembe tujaribu. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka migombani. Uso wake ukatokea kwenye televisheni, akatabasamu, akasema, "Baba, mnanio..." Akaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Sauti ikakatika.

Wifi yangu alikuwa ndiyo anaingia kutoka nyuma, ndoo ya maziwa mkononi. Akasimama mlangoni akimtazama mwanawe aliyekwama pale ukutani. Nilidhani atalia. Hakulia, wala hakupandisha sauti.

"Baba Kemi, umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa."

"Ya ng'ombe yupi?"

Kaka akaitazama ndoo.

"Bihogo nampenda na mimi," wifi alisema. "Akipita, naacha jembe nimtazame. Lakini nikishika ndoo siendi kwake. Pembe hazikamuliwi, mume wangu. Na leo sisi tunataka maziwa."

Kaka akamtazama binti yake aliyeganda. Kisha akaichukua ruta yake kutoka juu ya kabati, kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala. Akasema, "Fundi, mfunge huyo kipara."

Waya ukaingia, ukalia *tak*. Kaka alitaka angalau aiweke ndani ya kabati la vyombo na kuifunika kitambaa, iwe na heshima. Switbert akamwambia kuta na vioo vingeizuia. Ikae juu, mahali pa wazi, karibu na watakapoketi wazee. "Na usimfunike, Ta. Mwache apumue." Kaka mwenyewe akacheka.

Wageni walifika mvua ikinyesha. Baba yake Kagaruki aliingia ameshikwa kwapa, amevaa sweta ya kijivu, wakamfunika blanketi magotini. Vibuyu vya lubisi vikapangwa. Kemilembe akatokea kwenye televisheni, amejifunga kanga huko huko Uturuki. Kaka akasimama.

"Binti yangu, hawa watu unawafahamu? Ninywe?"

Kimya. Hakusogea. Nikaona mkono wa wifi unashika kiti. Moyoni nikasema, ameganda tena.

Halafu tukaliona chozi. Lilianzia jichoni likashuka shavuni taratibu, bila kukwama popote, mpaka akalifuta kwa upindo wa kanga.

"Nawafahamu, baba. Na yule mwenye sweta ya kijivu ndiye aliyeniahidi mche wa kahawa siku nitakayorudi. Shikamoo, baba! Kunywa, baba yangu. Kunywa."

Yule mgonjwa akautoa mkono chini ya blanketi, akaupunga. Kemilembe akapunga wake papo hapo. Hakuna aliyewaza kuuliza kama sauti ile ni ya mtu mwingine. Kaka akanywa.

Wageni walipoomba kuona ng'ombe kabla ya kuondoka, sote tuligeukia upande wa Bihogo. Kaka akawapitisha nyuma ya nyumba, kwenye matope, na viatu vyao vizuri. Akamshika yule mweusi mwenye mabaka shingoni. "Huyu," aliwaambia, "anaitwa Faiba."

Bi Adventina akachukua ndizi nyingine.

"Na ile ruta ya pembe nane?" niliuliza.

"Ipo ofisi ya parokia. Wao bado wanatumia waya wa simu, na inawafanyia kazi vizuri sana, padri anaisifu. Haikuwa mbaya, mwanangu. Ilikuwa imeletwa kwenye zizi lisilo lake."

"Na mzee wa sweta?"

"Alikunywa lubisi ya harusi. Mche wa kahawa aliupanda kwa mkono wake. Kesho mtauona, na mtoto tunayembatiza atapewa jina lake."

Anitha akaweka kisu chini. "Kwa hiyo, Bibi, yule kijana wangu hafai?"

"Nimesema hivyo? Simjui. Viatu vizuri si dhambi. Jiulize kwanza wewe unataka nini, ndipo umtazame tena."

Ma Leokadia akatokea mlangoni mwa jikoni na ndoo tupu, akauliza nani atamsaidia kukamua. Anitha akanyanyuka, akaipokea. Pale njia inapogawanyika, moja kwenda zizi la mbele na nyingine nyuma ya nyumba, Ta Projestus alikuwa ameegemea fimbo yake akimsugua Bihogo mgongoni.

"Binti, na ndoo hiyo unakwenda wapi?"

"Kwa Faiba, Ta," Anitha alijibu bila kusimama. "Pembe hazikamuliwi."