Shibiri Moja Kutoka Mlangoni

Sikilizeni, na mwenye usingizi akalale. Palikuwa na kikundi cha kukamua alizeti, na ndani yake watu watatu. Mnyambi alijaliwa hesabu. Ntandu alijaliwa subira ya kutazama. Sikitu, mfagiaji, alijaliwa kuona kilicho mbele ya pua ya kila mtu. Alikuwa pia na kovu mkono wa kushoto, maana bomba la kwanza lilipasuka likammwagia mafuta ya moto. Geji yake, ile saa ya kupimia msukumo wa mafuta, ilidanganya.

Jipya lilikuwa bomba ndani ya bomba: maji baridi yapite la ndani, mafuta yapite kwenye mwanya wa katikati. Lilikuwa moja tu, la shibiri nne; tundu la geji likikosewa, basi tena. Mafuta yakiingia hugombania mlango kama wageni wa pilau. Mbele kidogo hutulia: ya katikati hukimbia, ya kandokando hujikokota. Geji hukaa pale yalipokwisha kutulia. Ile ya kwanza waliitia mlangoni.

Mwenyekiti, Mama Mughenyi, akatangaza: "Atakayeonyesha mahali pa geji, ufunguo wa karakana ni wake. Na ufunguo ni mmoja."

Sikitu akaegemeza ufagio ukutani. Mwenye ufunguo ndiye fundi mkuu. Ufagio alikuwa amemaliza nao.

Mnyambi akapima mwendo wa mafuta, uzito wake na upana wa bomba, akazidisha, akagawanya. "Shibiri nne na nusu."

"Bomba lina nne, mwanangu," akasema Mama Mughenyi. "Geji tuitundike hewani?"

Sikitu akachomeka kidole kwenye mwanya. "Kaka, umepima bomba kubwa lote. Mafuta yanapita hapa tu. Pima hapa."

"Mfagiaji unanifundisha?"

"Nakufundisha. Pima."

Akapima mwanya, akauchukua mara mbili kama kanuni inavyotaka. Akarudia hesabu yote, ikatoka nusu shibiri kutoka mlangoni. Keekee ya kutobolea ikaletwa.

Ntandu, aliyeshinda siku tatu akitazama mafuta kwenye ndoo, akaikamata keekee. "Hiyo ni hesabu ya asubuhi. Asubuhi mafuta mazito kama uji, hutulia upesi. Mchana ni mepesi, hufika mbali ndipo yatulie. Ngojeni jua."

Adhuhuri wakapima tena: shibiri nzima. Wakatoboa mbele yake kidogo.

Mshale wa geji ukatulia asubuhi, ukatulia mchana. Siku ya nne ukapanda ghafla: makapi yameziba bomba. Wakazima mashine. Hakuna aliyeungua.

"Bila hesabu yangu mngebahatisha," akasema Mnyambi.

"Bila kidole changu ungetoboa hewa," akasema Sikitu.

"Bila mimi mngetoboa pale mafuta bado yanapogombana," akasema Ntandu.

Viganja vitatu vikanyooshwa mbele ya Mama Mughenyi. Sikitu alinyoosha mkono wa kushoto, wala hakuurudisha.

Kovu msilipime kwa huruma, mwenyewe hakuiomba. Haya, ninyi mnaojua kila kitu: ufunguo uwekwe kiganjani mwa nani, na wale wawili mtawaambia nini usoni?