Afisa wa Mifugo wa Ilundo

Hapo zamani, zama ambazo kila kazi ya serikali kijijini ilikuwa na Bwana wake, Bwana Afya, Bwana Shamba, Bwana Mifugo, kijiji cha Ilundo kililetewa mtaalamu mpya wa mifugo. Alikuwa mwanamke, jina lake Subilaga.

Wafugaji walisoma mlangoni OFISI YA BWANA MIFUGO, wakachungulia, wakamuuliza Bwana atarudi lini. Alipowaambia ni yeye, wakacheka, wakaondoka na ng'ombe wao. Subilaga akabaki na dawa zake.

Asubuhi moja akaja mzee Ambakisye akihema. Ng'ombe wake ameshindwa kuzaa. Bwana Mifugo yuko wapi?

"Ni mimi, baba. Twende."

Mzee akamtazama, akapanda baiskeli, akaenda kumtafuta Bwana Mifugo wa kijiji cha pili.

Mkewe, Tusekile, alikuwa amekatazwa kabisa kumwita yule binti. Lakini alipoona macho ya ng'ombe yanageuka, alitoka mbio hadi ofisini.

"Afisa, njoo! Mume wangu nitajua mwenyewe namna ya kumjibu."

Afisa! Subilaga hakuwahi kuitwa hivyo pale. Alinyakua mkoba, wakakimbia. Kichwa cha ndama kilikuwa kimegeukia nyuma. Subilaga akalala matopeni, mkono ukazama hadi begani, akakinyoosha, akafunga kamba. Wakavuta, wakavuta, wakavuta, puu! Ndama jike, akapiga chafya. Uwanja mzima, uliokwisha kujaa majirani, ukalipuka vigelegele.

Lwitiko, mchora mabango, alikuwapo. Hakungoja ruhusa ya mtu. Alibeba rangi yake hadi mlangoni pa ofisi, akafuta BWANA, akaandika AFISA. Mwenyekiti wa kijiji akatishia kumshtaki. Lwitiko akagoma kurudisha neno la zamani. Tangu hapo kila mfugaji akasema Afisa, na ofisi ikajaa.

Ambakisye, aliyerudi akamkuta ndama, kwa aibu na furaha akatangaza mkutanoni kwamba ndama ni wa yule aliyeling'oa neno Bwana hapa Ilundo.

Subilaga akasimama. "Ng'ombe angekufa mikononi mwangu, nani angebadili neno?"

"Na nisingekuita," akasema Tusekile, "mkono wako ungefanya kazi gani? Mimi ndiye niliyekuita Afisa kabla hujagusa ng'ombe."

"Neno Afisa lilikuwa lenu watu wawili tu," akasema Lwitiko. "Kijiji kizima kimeitikia bango langu, na tishio la kesi lilikuwa langu peke yangu."

Haya, wenzangu mnaonisikiliza, kamba ya ndama imo mkononi mwa mzee Ambakisye, naye anawatazama ninyi. Je, amkabidhi nani?