Fisi Aliyeshika Mwiko

Hapo zamani za kale, wanangu, fisi alipokuwa bado hajajua kucheka, Kindi mmoja jina lake Bi Somoe alikuwa akisokota pamba na kuzitia rangi nyuzi zake uani. Hakuwa na makuu. Alitaka blanketi moja tu la kuwafunika wanawe kabla ya masika, maana masika yaliyopita kitinda mimba wake aliugua kifua, karibu afe.

Lakini kila akimaliza kutia rangi, Fisi huja akazibeba nyuzi zote. Hafumi, hashoni. Huzitandika akazilalia.

Safari hii Bi Somoe alitwanga majani ya mhina, akayatia chunguni pamoja na nyuzi, akakoroga. Chungu kikaanza kutokota: bwa, bwa, bwa. Fisi akabisha hodi, naye yumo ndani tayari, akauliza kama nyuzi zake zimeiva.

Bi Somoe hakuacha kukoroga. "Bado, Bwana Fisi. Na za leo zina mwiko."

Fisi akarudi nyuma. Simba hamwogopi, ila miiko anaiogopa sana. Babu yake alivunja mmoja, akazikwa kibogoyo. Akauliza, "Mwiko gani?"

"Anayezitaka ashike mwiko, asitie neno mpaka chungu kipoe. Akiushika vizuri, ataondoka na alichoshika. Akiuvunja, meno yote chini."

Fisi hamwamini mtu, basi akaenda mwenyewe kumwita jirani, Kobe, awe shahidi. Kobe akayasikiliza masharti, akasema ameyaelewa.

Bi Somoe akamtia Fisi mwiko mkononi, naye akakoroga. Moshi ukamwingia machoni, hakusema. Rangi ikamrukia mpaka viwikoni, hakusema. Akaambiwa aongeze nguvu kidogo, nyuzi za chini zina mabaka, akaongeza. Tangu Bi Somoe aanze kazi ile, nyuzi hazikuwahi kukolea vile.

Chungu kilipopoa, Bi Somoe akazikamua nyuzi, akazianika kambani. Fisi akanyoosha mkono.

"Nimeshika mwiko. Nipe."

"Umeushika, tena vizuri," akasema Bi Somoe. "Nenda nao."

"Nao nini?"

"Mwiko. Si ndio ulioushika?"

Fisi akamgeukia shahidi wake. Kobe akafikiri kwa muda mrefu, kama ilivyo desturi yake. "Tulisema ataondoka na alichoshika," akasema. "Nami naona kitu kimoja tu mkononi mwako."

Hasira zikampanda Fisi. Akaupiga ule mwiko gotini, kwaa! Vipande viwili.

Kobe akavitazama vile vipande.

"Haya," akasema Kobe. "Umevunja mwiko."

Fisi akajishika taya. Akatoka mbio, mdomo wazi, akiyapapasa meno kwa ulimi, moja moja: he, he, he! Mpaka leo hajamaliza kuyahakiki, na wasiojua husema anacheka.

Masika yakaingia kwa kishindo. Bi Somoe na wanawe wakalala chini ya blanketi la rangi ya hina, na kulipokucha hakukohoa mtu. Akashukuru sana. Kisha akaenda kuchonga mwiko mwingine.

Nanyi, wanangu, kabla hamjashika neno la mtu, tazameni kwanza mmeshika nini mkononi.