Kompyuta ya Kibarazani

Mnajua kugeuza uso, ninyi. Mwizi anaingia kwenye kompyuta ya jirani, mnasema hayo ni mambo ya mafundi. Anaingia kwenye ya kwenu, mnasema mashine imezeeka. Na leo mmesikia watu wazima wakisema "Asiyepiga hodi si mgeni", mkacheka, na mmoja wenu akauliza methali hiyo imeokotwa wapi. Haikuokotwa. Ilitoka kinywani mwa mwanamke aliyekuwa akichekwa, na ilizaliwa hivi.

Bi Mwanaheri Shekimweri alikuwa katibu wa kambi moja ya mkonge, huko nyuma ya Korogwe. Kampuni ya mwanzo ilipokufa, wafanyakazi walibaki na nyumba zao na makaburi yao. Miaka ikapita, akaja mnunuzi na wanasheria wake, akafungua kesi ya kuwaondoa, akidai pale hapakuwahi kuishi mtu, ni pori tu. Pori! Watu waliozikana pale tangu enzi za mkoloni wakaitwa pori. Wengine wameyasahau hayo. Wengine hatusahau.

Mwanaheri hakupiga kelele. Alikwenda kwa wazee mmoja mmoja, akarekodi sauti zao: nani alizaliwa nyumba ipi, nani kazikwa wapi, ubavuni mwa nani. Sauti zote akazihifadhi kwenye kompyuta iliyokaa sebuleni kwake, akaifunika kitambaa cha kufuma. Mlango aliutia kufuli, dirisha akalitia nondo. Kwa akili yake, ulinzi ulikuwa umekwisha.

Watu wa kambi ya jirani nao walikuwa wamerekodi wazee wao. Siku moja katibu wao akapokea barua pepe iliyoandikwa "Picha za msiba". Msiba wa nani, hakuuliza. Huku kwetu nani hukawia kufungua habari ya msiba? Picha hazikuwamo. Ndani yake mlikuwa na programu ya kijasusi, ikakaa kimya ikisoma kila walichoandika, hata mipango yao ikawa inajulikana kwa mnunuzi kabla wanakambi wenyewe hawajaambiana. Iliposhiba kusoma, ikayafunga mafaili yote. Na wazee waliozungumza mle walikwisha kufa. Maiti humrudii ukamwambia, babu, hebu sema tena.

Mwanaheri alikwenda kuwapa pole, akaketi jamvini kama msibani. Aliporudi nyumbani alikitazama kile kitambaa cha kufuma, akaona haya. Kilikuwa kinazuia vumbi tu. Akanakili sauti zote kwenye diski ya pembeni, akaichomoa, akaifungia sandukuni pamoja na kanga zake. Akabadilisha nywila, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa jina la mwanawe na kambi nzima iliijua. Akaweka antivairasi, akaacha ule mchezo wa kuyaambia masasisho ya programu "kesho". Kisha akafanya jambo ambalo hakufundishwa na mtu: akaitoa kompyuta yake nyingine, kuukuu, isiyo na kitu ila antivairasi, isiyounganishwa na ile ya ndani, akaiweka kibarazani. Mtu usiyemjua humpeleki chumbani. Unamketisha kibarazani, mnazungumza, unamjua. Basi kila flashi ikawa inaketi kibarazani kwanza.

Walimcheka, eti kafungua zahanati, flashi zinapimwa malaria. Akawaacha wacheke.

Wiki ya kesi akafika mjomba wake, Mzee Semhando, aliyemlea tangu alipofiwa na baba. Alikuwa na flashi mkononi, na majirani nyuma yake.

"Hodi humu!"

"Karibu, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Washa mashine. Wale vijana waliokuja na gari kwenye hitima ya ndugu yangu, kumbe walipiga picha. Leo wameniletea, bure! Weka tuone."

Mwanaheri akaipokea kwa mikono miwili, akageuka kuelekea nje.

"Unakwenda wapi? Mashine si hiyo hapo?"

"Tuanzie kibarazani, mjomba."

"Mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Makubwa!" akadakia Bi Asumini, jirani yake. "Mjomba mtu anakaguliwa kama ng'ombe wa mnadani!"

Wakaangua kicheko. Mwanaheri hakucheka. Kumkatalia mjomba mbele za watu ni kujitafutia laana, naye alilijua hilo. Lakini ndani ya mashine ile mlikuwa na majina ya mashahidi walio hai. Sauti alikuwa na nakala yake sandukuni. Majina yakishavuja, nani angeyazoa?

"Mjomba," akasema, "wewe umepiga hodi, nimekukaribisha, na mlango huu ni wako. Hii haikupiga hodi. Imedandia mkono wako. Asiyepiga hodi si mgeni."

Mjomba akampisha. Wakatoka wote kibarazani. Akaiamuru antivairasi ikague kabla ya kufungua chochote. Ikapita picha hii, ikapita ile, mara ikasimama na skrini ikawa nyekundu. Programu ya kijasusi, imejibanza nyuma ya picha za hitima!

Mzee Semhando aliisogelea skrini. "Kumbe nimekuletea nyoka."

"Hukumleta wewe, mjomba. Wamempandisha mgongoni mwako."

Angeweza kununa, mzee yule, akasema ameaibishwa. Hakununa. Jioni ile ile alizunguka kambi nyumba kwa nyumba, akijitaja mwenyewe bila kuficha: "Nilibebeshwa jasusi, mpwa wangu akamzuia. Shikeni neno lake." Likashikwa, likavuka kambi, likafika hadi masikioni mwenu.

Siku ya kesi mashahidi walifika wote. Hakuna aliyekuwa ametishwa. Sauti ya Mzee Nankondya, mmoja wa wazee waliorekodiwa, ambaye tulikuwa tumeshamzika, ikayataja makaburi moja baada ya jingine, na mahakama ikakubali kwamba pale si pori. Kambi ingali pale, na watu wanaishi.

Sasa mmejua. Asiyepiga hodi si mgeni. Msiitikie kwa vichwa tu halafu mkarudi kugeuza uso. Inuka wewe, nenda nyumbani sasa hivi, kachomoe ile flashi aliyokuachia shemeji yako, uiketishe nje.