Kwa Nini Ua Jekundu Hutangulia Majani Yake

Kulikuwa na wakati ambapo kila ua lilitoa majani kwanza, hata hili jekundu la mviringo, lenye nyuzi nyingi kama brashi. Wakati huo maua yalisikia maneno ya watu, ingawa hayakuweza kuyajibu.

Nakiete alizaliwa milimani Upare, kwenye ukungu, akaolewa huku chini tambarare, mwendo wa siku mbili. Mama yake hakuwa na kitu cha kumpa ila kitunguu cha ua hilo, akakifunga kwenye jani la mgomba. "Ukakipande karibu na mlango," alimwambia. "Ukikiona, utajua hatujakutupa."

Ua likatoa majani mapana, kisha likachanua. Nakiete alilisemesha kila asubuhi kwa lugha ya kwao, maana mumewe alishinda malishoni na watu wa pale alikuwa bado hajawazoea. Kiangazi kilipoingia, majani yakaanza kuwa manjano, naye akashtuka. Kisima kilikuwa mbali, kila mtu alipimiwa kibuyu kimoja cha maji kwa siku. Akawa anakunywa nusu, nusu analimwagilia ua. Majani yakazidi kulegea. Akamwaga kibuyu kizima. Siku ya tatu alianguka akitwanga mtama.

Naetwe, mama mkwe wake, alimnywesha uji wa maji maji mpaka akapata nguvu. Kisha akatoka, akafukua udongo kwa vidole, akarudi na kitunguu mkononi.

"Nusa," alisema. Upande mmoja ulikuwa umeoza.

"Nimeliua, mama?"

"Bado. Lilitaka kulala, mwanangu, nawe ukawa unaliamsha kila siku."

Kuhusu maji hakumkaripia. Yeye pia aliletwa pale akiwa msichana, kutoka mbali kuliko huko milimani. Wakakwangua palipooza, wakapaka majivu, wakakianika kivulini, kisha wakakirudisha kwenye udongo mkavu na kukizungushia miiba.

Miezi minne Nakiete alitazama ardhi tupu. Aliziba miiba ilipotobolewa na mbuzi, akafukuza kuku, ila maji hakutia hata tone. Moyoni alikwisha kulizika lile ua, lakini hakufukua.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Nakiete akatoka, akapiga magoti topeni, akauliza kwa lugha ya kwao, "Upo?"

Ua likamsikia. Majani yake yalikuwa bado yamekunjwa, yakihitaji siku nyingi zaidi, nalo likaona haya kumweka mtu huyu akingoja siku zote hizo. Likayaacha. Likatoka vile vile, kama mtu anayemkimbilia mgeni mlangoni kabla hajajifunga kanga. Siku ya nne lilikuwa limesimama pale, jekundu, halina jani hata moja. Nakiete alipiga ukelele, Naetwe akaja mbio akidhani ni nyoka. Alipoona, akamshika mkwewe mabega, wakacheka mpaka wakalia.

Na tangu siku hiyo ua hilo hutangulia, majani yakafuata baadaye. Watu wa tambarare hawalimwagilii wakati wa kiangazi, wala hawalifukui kuona kama li hai. Na bibi arusi akiletwa kutoka mbali, mama mkwe humwonyesha kwanza mahali pa kupanda kitunguu chake, ndipo amwonyeshe jikoni.